Pistoni Bapa na Sufuria za Mama

Sufuria ya alumini ikianza kuyeyuka hunuka chakula kwanza. Kabla haijalegea hutoa harufu ya githeri ya miaka mingi, mafuta yaliyojificha kwenye mkunjo wa ukingo, maziwa yaliyowahi kufurika na kuungua, na ni baadaye tu ndipo inakuja ile harufu kali inayokwaruza koo. Najua kwa sababu nilikuwepo siku baba alipoyeyusha sufuria nne za mama nyuma ya gereji yake mjini Meru, karibu na soko la Gakoromone, na mimi ndiye niliyekuwa nikipuliza makaa. Nilikuwa darasa la sita, katikati ya miaka ya sabini. Nilipuliza kwa bidii kweli, mjinga mimi, huku nikijiona fundi. Baba alimimina ule uji mweupe kwenye kalibu ya udongo, ukapoa, akaupasua udongo kwa nyundo, na ndani yake kukatoka bomba nene lenye matawi sita. Mama aliporudi sokoni, mdogo wangu Njeru akiwa mgongoni, aliuliza sufuria zake ziko wapi. Baba akamwonyesha lile bomba kwa mikono miwili, uso umemchangamka, akasema, “Ndizo hizi. Hebu angalia zilivyotoka safi!” Naapa hakuwa na dharau hata kidogo. Alidhani mke wake angefurahi.

Mama hakupiga kelele. Jioni hiyo alitupikia kwenye chungu cha kuazima, na asubuhi akafunga nguo zake, akambeba Njeru, akaenda kwao Ishiara, kule Mbeere kwenye joto, mwendo wa siku nzima kwa barabara za udongo za wakati ule. Mimi aliniacha kwa sababu ya shule. Aliniambia mlangoni, “Kananu, umwangalie baba yako asijiunguze.” Hayo tu. Sijui nilitarajia nini zaidi. Nilisimama pale na daftari langu hadi kengele ya shule ikalia, nikachelewa, nikachapwa, na nikashukuru kupata sababu ya kulia mbele za watu.

Bomba lile lilikuwa la lori, la kuzigawia silinda hewa. Baba alikuwa na lori kuukuu la petroli lenye silinda sita, na alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa, nao ni kutaka injini yake ipumue kuliko injini nyingine. Kwetu juu hewa ni nyepesi, na magari ya zamani yalikuwa yakifika mlima yanahema kama wazee. Basi akatoa kwenye lori bovu la dizeli kile kidude wanachokiita blowa, mashine inayozungushwa na mkanda wa injini na kuisukumia hewa kwa nguvu, akaamua kukifunga kwenye lori lake. Injini mbili alikuwa ameshaziua katika majaribio ya namna hiyo. Hii ilikuwa ya tatu, na sasa ilikuwa imekula sufuria.

Mama alikaa kwao miezi minne. Nyumba yetu ilikuwa kimya hadi unasikia siafu. Tulikula ugali wa baba, mbichi ndani na mweusi chini, kutoka kwenye karai la kuoshea vipuri, na mwanangu usiniulize ladha. Usiku nililala na leso yake moja aliyoisahau, na nilikuwa sitaki iondoke harufu, kwa hiyo niliikunja ndani nje na kuifungua kidogo kidogo. Mwishoni babu mzaa mama alituma barua kupitia mfanyabiashara wa ndengu. Baba aende na wazee wawili na kondoo dume, Jumamosi ya kwanza baada ya mavuno ya mtama, waketi wayazungumze, na mama atarudi. Asipofika siku hiyo, babu atamkatia binti yake shamba na kumjengea nyumba kwao, na hayo maneno yatakuwa yamekwisha. Nilimsomea baba ile barua mara tatu, halafu nikaisoma mwenyewe mara tatu nyingine. Jumamosi ya kwanza ilikuwa imebaki siku kumi na tatu.

Nilimwambia baba, “Twende na basi.” Aliniangalia kana kwamba nimemtukana. “Mimi, fundi, nifike kwa mkwe wangu nikishuka kwenye basi na kondoo? Wanajua sufuria zilienda wapi. Wataka nikawaambie zilipotea bure?” Alikuwa amenunua sufuria mpya nne, zinang'aa, zimefungwa kwa kamba ya mkonge, na alitaka zifike ndani ya lori lile lile. Hapo ndipo kiburi chake kilipokuwa, na ukweli ni kwamba mimi pia nilikipenda. Nilishaona mama akitoka kwenye ua wa babu, akisikia ule mvumo, akicheka bila kupenda.

Kilichobaki kilikuwa pistoni. Zile za zamani zilikuwa zimekwaruzika. Baba alinieleza jambo hilo kwa gunia la mahindi, maana alikuwa akieleza kila kitu kwa gunia. Injini ya kawaida, alisema, inavuta hewa yenyewe, kisha pistoni inapanda na kuishindilia. Hewa inabanwa iwe ndogo mara ngapi, hiyo ndiyo kompresheni. Lakini blowa ikishaingiza hewa kwa nguvu, silinda ni gunia lililoshindiliwa tayari, na pistoni ikija nayo kushindilia kwa nguvu zake zote, gunia linapasuka. Kwa hiyo injini ya blowa inataka pistoni zenye kishimo juu kama kisahani, ili hewa ipate pa kukaa. Mwenye duka la vipuri mjini alikuwa na pistoni bapa tu, zisizo na kishimo. Zenye kishimo zingetoka Nairobi, na angezipata baada ya wiki tatu. Hesabu hiyo hata Njeru angeifanya. Wiki tatu ni siku ishirini na moja, na sisi tulikuwa na kumi na tatu.

Baba alichukua zile bapa kwa kuzijaribu tu. Akakata gaskiti mbili za shaba badala ya moja, ili hedi, kile kifuniko cha silinda, ikae juu zaidi na nafasi iongezeke, akafunga kila kitu, akaniita nipime. Hii ilikuwa kazi yangu na hakuna mwingine aliyeifanya. Tindikali ya betri ilikuwa imemharibia jicho moja na la pili lilimchosha, hakuweza kusoma vile vistari vidogo vya sirinji ya ng'ombe tuliyokuwa tukitumia. Unapandisha pistoni hadi juu kabisa, unainamisha injini tundu la plagi liangalie mbinguni, unajaza mafuta ya taa kwa sirinji mpaka yafike kwenye nyuzi za tundu. Kiasi kilichoingia ndiyo nafasi iliyobaki ya hewa. Alisema waziwazi, nami nikarudia mdomoni kama mstari wa sala: “Hesabu ikitoka juu ya nane, tunangoja za Nairobi. Mama yako atakasirika, lakini tutangoja. Nitamtumia babu neno.” Aliongeza kwa sauti ndogo, “Sijui kama atalipokea.”

Sirinji ilibeba mililita ishirini. Niliingiza tatu kamili na vistari vinne. Sitini na nne. Nilirudia. Sitini na nne. Nilikaa kwenye kopo la rangi, nikafanya hesabu nyuma ya daftari la sayansi, silinda ya mia tano gawanya kwa sitini na nne, ongeza moja, na jibu lilikuwa nane nukta nane. Baba alikuwa mbele ya gereji akimsaidia mtu kubadilisha tairi, akiimba wimbo wa kanisani. Nilitazama ile namba kwa muda mrefu. Kisha nikatafuta ningehitaji kiasi gani ili jibu liwe chini ya nane, na nikalipata, sabini na mbili. Vistari vinane tu. Nani hufa kwa vistari vinane vya sirinji? Nikaandika silinda ya kwanza sabini na mbili, ya pili sabini na tatu, ya tatu sabini na mbili na nusu, hivyo hivyo hadi ya sita, kwa sababu mwongo anayejua kazi yake haandiki namba zinazofanana. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na tayari nilijua hilo. Nikampelekea baba. “Saba nukta tisa,” nikasema. Alifuta mikono, akaninyanyua, akanizungusha, mtu mzima na msichana mkubwa mbele ya wateja. “Mama yako anarudi!” akasema. “Umesikia? Bapa zinatosha!”

Siku ya kumi tulipeleka lori kwenye majaribio. Na hapa ndipo makosa yangu yalipopata ndugu. Mafundi wote wa Meru walijaribu gari kwa njia moja. Unalipandisha kwenye baridi, upande wa mlimani, halafu juu zaidi kuelekea Timau, mpaka masikio yazibe, kwa sababu kwetu gari bovu hujulikana mlimani. Hakuna aliyewahi kushusha gari ili kulijaribu. Lori lilipanda, jamani. Lilipanda mpaka ng'ombe wakakimbia, blowa ikipiga mluzi, baba akibadilisha gia huku akicheka na machozi yakimtoka kwa upepo. Mimi nilikuwa nimeshikilia mlango nikisikiliza kama injini inagonga, ule mlio wa kokoto ndani ya kopo ambao baba alinifundisha kuuogopa. Hapakuwa na kitu. Nilianza kuamini kwamba labda sirinji ndiyo ilikosea, au Mungu alikuwa ameirekebisha hesabu yangu kwa huruma. Sikuelewa jambo ambalo sasa mwanafunzi wangu yeyote angenieleza. Kule juu hewa ni nyepesi na baridi, blowa haipati cha kutosha cha kushindilia, na gunia lilikuwa halijajaa.

Jumamosi tuliondoka kabla jua halijawaka vizuri. Mzee M'Arimi, ndugu mkubwa wa babu yangu mzaa baba, aliketi mbele pamoja na mzee mwingine wa ukoo aliyekuwa mkimya, baba kwenye usukani, mimi nyuma na kondoo na sufuria. M'Arimi alikuwa na mguu mbovu na mdomo mzima. Kila tulipopita watu barabarani alikuwa akitoa kichwa na kupiga kelele, “Tunaenda kuchukua bibi! Huyu alizipika sufuria zake zikawa injini!” Tuliteremka kuelekea Mitunguu. Migomba ilianza, maji ya mifereji yaking'aa kando ya barabara, na joto likapanda kutoka chini hadi kondoo akafungua mdomo. Nilivua sweta. Na pale, kwenye tambarare baada ya Mitunguu, nikausikia. Kokoto ndani ya kopo. Kidogo kwanza, lori lilipokaza, kisha ukakoma.

Ningepiga kile kidirisha cha nyuma. Nimekipiga mara nyingi tangu siku hiyo, kichwani, kitandani, darasani nikisahihisha madaftari. Ningesema, “Baba, ni sitini na nne.” Angeendesha polepole, angefungua mkanda wa blowa, tungefika jioni tukihema kama gari la kawaida, na wangetucheka na kutupa chakula. Lakini nilijiambia ni mawe ya barabara yanayogonga chini. Tulivuka mto Mutonga. Ng'ambo yake kuna mpando mrefu usio na kivuli, na baba akakanyaga mafuta kama alivyokanyaga Timau, kwa sababu kule ndiko lori lake lilikofunzwa. Kokoto zikaja zote kwa pamoja, zikawa mlio mmoja, kisha kukatoka kishindo na moshi mweupe wenye harufu ambayo niliijua mara moja. Ilikuwa alumini.

Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Baba alifungua plagi, na kwenye mbili kati ya hizo kulikuwa na matone madogo meupe yaliyoganda. Pistoni zilikuwa zimeyeyuka. Hakupita gari lingine. M'Arimi alijaribu kutembea, akafika kwenye kona na kuketi. “Fundi,” akasema, na safari hii hakuwa na mzaha, “hii barabara haina mtu. Sisi wazee hatufiki. Nenda wewe.” Baba alingoja mpaka alasiri akitumaini, kisha akatuachia maji, akamshika kondoo kamba, akaondoka kwa miguu. Sufuria aliziacha. Tulilala kwenye lori. Kesho yake mpita njia mwenye punda alitugawia viazi vitamu, na wazee wakawa wakinibembeleza nile, na mimi nikashindwa kumeza, nao wakadhani ni huzuni ya kawaida ya mtoto.

Alirudi Jumatatu. Nilikuwa juu ya keria la lori nikiangalia barabara, na kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kondoo. Mnyama mweupe akija polepole kwenye vumbi, na nyuma yake baba peke yake. Nikajua. Kondoo aliyekubaliwa harudi. Baadaye M'Arimi aliniambia machache. Baba alikuwa amefika Jumapili, siku moja baada ya siku iliyowekwa. Chakula kilikuwa kimepikwa Jumamosi, watu wakangoja hadi giza, kikagawiwa kwa majirani. Babu alizungumza naye langoni, wote wamesimama. Aliyoyasema baba pale langoni hakuna aliyeniambia.

Lori lilivutwa hadi nyumbani wiki mbili baadaye. Baba alitoa pistoni zilizoyeyuka, akazipanga kwenye benchi, na kisha, bila kuniita, akaigeukia silinda ya sita iliyosalimika. Akaifunga upya, akapandisha pistoni, akainamisha injini. Akachukua kijiko cha dawa ya kikohozi kinachobeba mililita tano, kwa maana kijiko hakihitaji macho. Akaanza kumimina mafuta ya taa huku akihesabu kwa sauti. Mimi nilikuwa mlangoni na ufagio. Sabini na mbili ingekuwa vijiko kumi na vinne na zaidi kidogo. Alisema kumi na moja. Akasema kumi na mbili. Akainamisha cha kumi na tatu taratibu sana, na mafuta yakafika kwenye nyuzi, yakafurika, yakamtiririka kwenye vidole. Akabaki ameinama hivyo. Nilingoja anigeukie, nilitaka anipige, nilikuwa nimeshaweka ufagio chini. Aliosha mikono kwa sabuni ya unga, vidole kimoja kimoja, akapita kando yangu, akasema, “Umekula?” Hakuniuliza lolote tena, si siku hiyo wala siku nyingine yoyote hadi alipokufa. Lakini sirinji ya ng'ombe hakunipa tena. Alimwita mtoto wa jirani amsomee.

Mama alijengewa nyumba kwao. Nilikuwa nikienda likizo, nikirudi, nikienda, msichana wa nyumba mbili, mgeni kwa zote. Njeru alikua akizungumza Kimbeere na akimwita baba yetu “yule fundi”. Baba hakuoa. Aliliuza lori kwa vyuma, akatengeneza magari ya watu kwa uangalifu uliozidi, akipima kitu kimoja mara nne, hadi wateja wakachoka kungoja wakahamia kwa mafundi wengine. Nilimwona akipungua mwaka hadi mwaka, na nilikuwa na neno moja ambalo lingeweza kumtoa pale, nami sikulisema, kwa sababu kila mwaka uliopita ulilifanya kuwa zito zaidi. Nikawa mwalimu wa hesabu. Mungu ana utani.

Tulimzika baba mwaka juzi. Mama alikuja, akaketi na wageni, akaondoka na wageni. Mwezi uliopita nilikwenda kwake Ishiara. Barabara sasa ni ya lami, mpando wa Mutonga nimeupanda kwa gari langu dogo kwa dakika chache bila hata kushusha gia, na malori ya turbo yalinipita yakiwa na shehena za ndizi za Mitunguu kama mchezo. Yote ambayo baba alikuwa akiyatafuta kwa moto na udongo sasa huja yamefungwa kutoka kiwandani, na kompresheni yake unaitafuta kwenye simu. Nilimkuta mama barazani akipeta ndengu. Nikampa sufuria nne. Zile zile; nilizikuta chini ya kitanda cha baba, bado zimefungwa kwa kamba ya mkonge, hazijawahi kuguswa na moto. Kisha nikamwambia. Sitini na nne, sabini na mbili, vistari vinane, yote.

Alipeta hadi ungo ukaisha. “Baba yako,” akasema, “alisimama langoni pale, vumbi mpaka kwenye nyusi. Babu yako akamuuliza, ni nini tena? Akasema, nimepima mwenyewe na nimekosea mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nguo zangu zimeshafungwa. Nikajiambia, mtu huyu amenimalizia sufuria, sasa amemaliza na injini kwa haraka zake, kesho atamaliza watoto. Nikaufungua tena mzigo wa nguo.”

“Mama, hakujua siku hiyo. Alijua baadaye.”

“Basi baadaye angekuja kuniambia.” Aliivuta kamba ya mkonge, ikakatika mikononi kwa uzee. “Angesema ni Kananu, amedanganya hesabu ili nirudi upesi, wewe, ningerudi siku ile ile. Ningekuja kukuchapa kwanza, nikuchape vizuri. Halafu ningekaa.”

Akachukua sufuria moja, akaipuliza vumbi, akamimina ndengu ndani, akaniambia niwashe moto. Nikaenda kuwasha. Makaa yalikuwa mabichi, na nilipiga magoti nikapuliza kwa muda mrefu.